Sura ya Sita: Moyo wa Lifti ya Jumba Bubu

Katika historia yote ya uhalifu wa mji ule, halijawahi kutokea genge lililowatesa polisi kama lile lililokuwa likiingia kwenye majengo yaliyotelekezwa na kuacha vitu vikiwa vizima kuliko lilivyovikuta.

Ilianza na saa ya stesheni ya zamani. Saa ile ilikuwa imekufa mishale yake ikionyesha saa tatu kasorobo, na watu wa mtaa walikuwa wameizoea hivyo hivyo, kama unavyomzoea shemeji mlevi. Asubuhi moja ikaanza kutembea, tena kwa usahihi wa kuudhi, na mwalimu mkuu wa shule ya jirani akagundulika kuwa ndiye mchelewaji sugu kuliko wanafunzi wake wote. Kisha kikafuata king'ora cha kiwanda cha sabuni, kiwanda ambacho hata panya walishakihama. Kililia adhuhuri, na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi pale akaacha chakula mezani, akavaa viatu, akatembea mpaka getini, ndipo akakumbuka kwamba alishastaafu.

Polisi walifungua jalada. Tatizo la jalada lile lilikuwa moja tu: mahali pa kuandika mali iliyoibwa palikuwa peupe.

Ndipo mkuu wa kituo alipopata bahati yake. Wizi wa kweli! Mota ya lifti ya Jumba Bubu ilikuwa imetoweka, na mzee mmoja alikamatwa akishuka ngazi za jengo hilo mchana kweupe, grisi mpaka kwenye viwiko, spana inaning'inia shingoni kama mkufu wa bibi harusi. Alipoulizwa kama aliigusa mota ya lifti, alijibu kwamba ameigusa kila siku kwa muda wa miezi. Alipoulizwa kama aliifungua, alisema aliifungua yote, akaiosha, akaikausha na kuipaka mafuta. Mkuu aliandika kwa furaha mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Mzee yule alikuwa mjomba wake Sajini Kwa Nini.

Kwa Nini hakupewa jina hilo na wazazi. Alipewa na wenzake kituoni, wiki yake ya kwanza kazini, na akalikubali kwa sababu kila alipouliza kwa nini wanamwita hivyo, walicheka zaidi.

"Pole, Sajini," alisema mkuu wa kituo asubuhi ile, akiwa amenyoosha miguu yote miwili juu ya kiti cha wageni. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye magoti mabovu na mapenzi makubwa kwa utaratibu. "Najua ni mjomba wako. Lakini kakiri."

"Kakiri nini, afande?"

"Kila kitu. Kuishika, kuifungua, kuiosha. Mimi nimekamata wezi wengi, sijaona anayeosha kitu kabla ya kukiiba. Huyu ni wa daraja la juu."

"Na mota iko wapi?"

"Hapo ndipo kiburi chake kilipo! Anasema iko mahali pake. Nikasema haya, twende tukaone. Nimepanda ngazi zote zile, Sajini, na magoti haya unayajua, mpaka paani, mpaka ndani ya chumba chenyewe. Mahali pake nimepaona. Pana boliti nne na kinyesi cha njiwa. Mota hakuna."

"Nani alikuonyesha chumba hicho?"

"Msimamizi wa jengo, yule mlalamikaji. Muungwana sana. Kila kona ya ngazi alinishika mkono."

Sajini alitazama saa ya ukutani. Karandinga la kupeleka mahabusu rumande huondoka saa nane mchana, na mtu akishafika rumande, jalada lake hujifunza kutembea polepole. Mjomba wake alikuwa na umri wa kulala kwenye godoro, si kwenye sakafu ya saruji na watu wa kumnyang'anya blanketi.

"Naomba nimwone, afande."

"Wewe ni ndugu, kesi hii huigusi."

"Nimwone tu. Wewe ukiwapo."

Mkuu alishusha miguu yake mmoja mmoja, akiusindikiza kila mmoja kwa mguno. "Mbele yangu, sawa. Utaratibu unaruhusu."

Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu kama mgeni rasmi anayesubiri hotuba zimalizike. Alikuwa fundi wa lifti kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumtuhumu kwa unyenyekevu. Harusini alikuwa na kawaida ya kuwasimulia maharusi jinsi alivyowahi kumwokoa waziri aliyekwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na huyo bwana wa magoti?"

"Mjomba, mota iko wapi?"

Mzee akafungua mdomo, kisha akaufunga. Macho yake yalikuwa yamepita juu ya bega la Sajini mpaka koridoni. Msimamizi wa Jumba Bubu alikuwa amesimama pale, shada la funguo kiunoni, akijifanya anasoma tangazo la mbwa aliyepotea.

"Iko mahali pake," alisema mjomba.

"Wapi?"

"Unakumbuka ulipokuwa mdogo nikakubeba mabegani, ukaniuliza kwa nini moyo haukai kichwani?"

"Ulisema nyamaza, unanivuta masikio."

"Baada ya hapo."

"Ulisema..." Sajini alikunja uso. "Ulisema moyo unakaa pale alipoona panafaa aliyeuweka, na si pale watu wanapodhani."

"Basi," alisema mjomba, akafumba macho kama mtu aliyemaliza ibada.

"Mafumbo," alisema mkuu, akatikisa kichwa. "Nitaandika hivyo: mtuhumiwa anazungumza kwa mafumbo."

"Andika na hili," alisema mjomba bila kufumbua macho. "Ile fyuzi yangu mliyoichukua mfukoni isiangushwe. Ni ya kauri, na duniani hazipatikani tena."

"Fyuzi? Kile kidude cheupe?" Mkuu alimgeukia Sajini kwa sauti ya chini. "Nimekiandikisha kuwa ni kikombe cha dawa kisicho na shimo."

Sajini alitoka koridoni. Msimamizi alimpokea kwa tabasamu na kipande cha njiti ya meno kilichohama kutoka pembe moja ya mdomo kwenda nyingine.

"Pole, dada. Wazee siku hizi hawaaminiki."

"Ahsante. Hebu nisaidie tu nielewe. Mota yenyewe ilikuwaje?"

"Ya kijani. Imefungwa kwenye saruji."

"Nzito?"

"Ah! Watu wanne, dada, na bado kila ghorofa mnapumzika."

"Mnapumzika?"

Njiti ya meno ilisimama. "Mtapumzika. Yaani mtu yeyote atapumzika. Nakisia tu."

"Na mjomba wangu ni mmoja, tena mgongo unamuuma."

"Atakuwa na wenzake. Si mnasema ni genge? Watafute wenzake, utaona."

Sajini alikubali moyoni kwamba jibu hilo lilikuwa na akili. Mjomba alikuwa na wenzake, hilo hakuwa na shaka nalo, kwa sababu saa ya stesheni haiwezi kutengenezwa na mtu ambaye saa yake mwenyewe ya mkononi imefungwa kwa uzi.

"Na kwa nini umelalamika sasa? Jengo limekaa bure miaka yote hii."

"Wenye jengo wanakuja kulikagua wiki hii. Mimi ni mwaminifu, dada. Nikaona bora niripoti kabla hawajaniuliza."

"Ulifanya vizuri," alisema Sajini, akaenda kutafuta tochi.

Jumba Bubu lilikuwa katikati ya mji, ghorofa sita za vioo vilivyopasuka, na lilipata jina lake siku ofisi ya mwisho ilipohama na simu zake zikaacha kulia. Ukumbi wa chini ulikuwa na sakafu ya mawe ya rangi mbili, meza ndefu ya mapokezi iliyoota vumbi nene kama manyoya, na mlango wa lifti wa kimia, wa shaba, uliokuwa umekunjwa nusu. Juu ya mlango huo kulikuwa na nusu duara la namba na mshale uliolala kwenye sifuri. Sajini aliuona mlango wa kimia unang'aa kidogo kuliko ulivyostahili. Alipitisha kidole. Kidole kilitoka safi.

Akapanda ngazi. Kila ghorofa ilikuwa na mabaki ya kazi za watu: kalenda, kiti cha magurudumu kisicho na magurudumu, koti limetundikwa nyuma ya mlango na mtu aliyedhani atarudi kesho. Alipofika paani alimwelewa mkuu wake na magoti yake, akamsamehe mengi.

Chumba kilikuwa palepale alipoelezwa, kidogo, chenye paa la bati. Katikati palikuwa na kitako cha saruji na boliti nne zilizosimama juu kama meno. Sajini alichuchumaa. Vichwa vya boliti havikuwapo. Vilikatwa kwa msumeno wa chuma, na mahali pa mkato paling'aa kama sarafu mpya.

Hapo ndipo uso wake ulipochanua kwa mara ya kwanza siku ile.

Kwa sababu aliijua nyumba ya mjomba. Geti la nyumba ile lilipowahi kushika kutu, watoto waliomba lipigwe nyundo, mkewe akaomba likatwe, jirani akaleta msumeno wake mwenyewe. Mjomba alikataa. Alitia tone la mafuta asubuhi na tone jioni, akaenda kunywa chai, na wiki nzima familia yake, pamoja na mama mkwe, ilitoka na kuingia kwa kupanda ukuta. Siku ya saba nati ilizunguka kwa vidole, na mzee akatangaza ushindi mbele ya mama mkwe aliyekuwa bado ameshikilia ngazi. Mtu huyo hakati boliti. Angekata kidole chake kwanza.

Kwa hiyo mota ilitolewa hapa na mtu mwenye haraka. Lakini swali lilikuwa halijaisha, kwa sababu ukutani, nyuma ya kitako, kulikuwa na gurudumu, na juu ya gurudumu ulining'inia mkanda wa mpira uliokatika.

Sajini aliuangalia mkanda ule kwa muda. Kwa nini lifti ivutwe kwa mkanda wa mpira?

Akapitisha tochi nyuma ya gurudumu. Kulikuwa na mdomo mkubwa wa bati, na ndani yake mapanga ya feni yenye upana wa mlango. Akaingiza kichwa. Harufu ya mafuta ya kukaangia, ya zamani sana, ilimjia kutoka chini. Jengo lilikuwa na mkahawa siku zake za uhai, na hii ilikuwa feni ya kuvuta moshi wake. Alimulika sakafu yote, pembe kwa pembe. Hapakuwa na tundu hata moja la kupitisha waya wa chuma. Lifti isingeweza kuvutwa kutoka chumba hiki hata kwa maombi.

Alishuka hadi mlango wa lifti wa ghorofa ya sita, akalala kifudifudi kwa heshima zote za cheo chake, akachungulia kwenye shimo na kumulika juu. Nyaya za chuma zilikuwa pale, nene, zimepakwa grisi mpya. Zilipanda mpaka kwenye magurudumu mawili ya kapi, zikayazunguka, halafu zikageuka na kushuka tena upande wa pili, chini, chini, mpaka mwanga wa tochi ulipochoka.

"Ahaa," alisema Sajini Kwa Nini, na sauti yake ikashuka shimoni kabla yake.

Safari hii ngazi hazikumuuma popote. Ukumbini alizunguka nyuma ya shimo la lifti, akakuta kabati tatu za chuma zimepangwa ukutani, na kwenye sakafu mbele ya ile ya katikati michirizi ya miguu ya kabati, michirizi mipya. Alisukuma. Nyuma yake palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango ngazi za kushuka chini ya ardhi, na mwisho wa ngazi mwanga wa taa ya chemli.

"Simama hapo hapo!" ilisema sauti. "Ukiongeza hatua moja nakufungua boliti zote."

Alikuwa bibi mdogo wa umbo, miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, ameshika spana inayomzidi mkono. Sajini alimtambua. Ni yule fundi saa wa kibanda cha karibu na soko, aliyeitwa Bi Saa na mji mzima, pamoja na wachelewaji wa miadi.

"Mimi ni polisi, bibi."

"Polisi tumeshawaona. Wao huwa wanaenda juu."

"Mimi ni mpwa wake."

Spana ilishuka kidogo. "Yule wa kwa nini, kwa nini?"

"Ndiye."

"Sasa si ungesema! Shuka, chai ipo kwenye chupa."

Sajini alishuka, na chai akaisahau. Mota ya lifti ya Jumba Bubu ilikuwa imekaa katikati ya chumba kama mfalme aliyerudi kutoka uhamishoni. Ilikuwa nyeusi, kubwa kuliko kitanda, na imesuguliwa mpaka Bi Saa alionekana ndani yake na miwani yake yote. Nyaya za chuma zilitoka kwenye gurudumu lake na kupanda shimoni. Pembeni palikuwa na jenereta la dizeli la hendeli, nalo limepakwa rangi, na jiko la mkaa lililozungukwa na mablanketi.

"Blanketi za nini?"

"Unyevu, mwanangu. Ilikuwa imelowa ndani. Tumeiweka blanketi na joto la mkaa siku na siku, kama mzazi aliyejifungua. Mjomba wako alikuwa anaiimbia. Kuimba hakukuhitajika."

"Na inafanya kazi?"

"Inafanya!" Bi Saa alionekana kutukanwa. "Breki mpya, nyaya tumezikagua unywele kwa unywele, tumepandisha mifuko ya mchanga hadi ghorofa ya sita na kuirudisha, mara nyingi tu. Mchanga haukulalamika. Juzi fyuzi ikaungua. Fyuzi zenyewe za zamani, dukani wanakucheka. Mjomba wako akapanda kutafuta kwenye masanduku ya umeme ya juu. Akaipata moja nzima, akawa anashuka nayo ameshika kama yai. Ndipo nikasikia kelele. Akakohoa mara mbili."

"Maana yake?"

"Maana yake nyamaza, linda mota. Yule msimamizi akiona chuma anaona nyama ya nundu. Angejua iko huku, leo tungekuwa tumekaa kwenye chumba kitupu. Ningekwenda kituoni, nani angebaki nayo?"

Sajini alikaa juu ya ngazi ya mwisho. Sasa mambo yote yalikuwa yamejipanga mbele yake. Msimamizi aliuza chuma. Wenye jengo wanakuja kukagua, akahitaji mwizi haraka, na mwizi akamjia mwenyewe akishuka ngazi na grisi mikononi. Mkuu akamuuliza mjomba habari za mota ya lifti, na mjomba akajibu habari za mota ya lifti. Katika jalada lile zima, mtu pekee aliyesema ukweli mtupu alikuwa mtuhumiwa.

Lakini maneno peke yake yasingemfikisha mbali mbele ya mkuu aliyekuwa na karatasi ya kukiri yenye tundu la kalamu.

"Bi Saa, nikikuletea fyuzi, utaiwasha?"

"Niletee fyuzi uone kama hamtafika mbinguni."

Mkuu wa kituo alikuwa anafungua chakula chake cha mchana Sajini alipoingia akihema.

"Afande, kile kikombe chako kisicho na shimo nimekitambua. Lakini kielelezo hutambuliwa mahali pa tukio, mbele ya mlalamikaji na mbele ya mkuu wa kituo."

"Ndiyo utaratibu?" aliuliza mkuu kwa matumaini na mashaka.

"Ndiyo wenyewe, afande."

"Na ngazi?"

"Hutapanda hata moja. Naapa."

Mkuu alifunika chakula, akabeba jalada kwapani na fyuzi kwenye bahasha, na msimamizi akaitwa. Ilikuwa imepita saa saba walipoingia ukumbini. Sajini alisaini kupokea kielelezo, akamwomba mkuu dakika chache, akatoweka nyuma ya kabati, akarudi mikono mitupu.

"Kielelezo kiko wapi?" alishtuka mkuu.

"Kinatambuliwa, afande. Bwana msimamizi, hebu turudie maelezo yako. Lifti hii haina mota?"

"Haina." Njiti ya meno ilitembea kwa raha.

"Mota yake ilikuwa paani, ya kijani. Uliiona kwa macho yako."

"Kwa macho yangu haya mawili."

"Na ndiyo hiyo iliyoibwa, hakuna nyingine?"

"Dada, lifti ina mota ngapi? Ni hiyo hiyo!"

Chini ya miguu yao kitu kilikohoa. Kilikohoa tena, kikajisafisha koo, kisha kikaanza kuunguruma, na vumbi la meza ya mapokezi likacheza. Ndani ya chumba cha lifti, balbu ndogo ya manjano ilisita, ikatetema, ikawaka.

Mkuu alifungua mdomo. Msimamizi aliufunga wake, na kipande cha njiti kikabaki nje.

"Karibu ndani, afande," alisema Sajini, akakunja mlango wa kimia mpaka mwisho. Haukulia hata kidogo.

Mkuu aliingia kama mtu anayeota na hataki kuamshwa. "Na wewe, bwana msimamizi," alisema Sajini.

"Mimi nitabaki hapa nilinde mlango."

"Kwa nini?" aliuliza Sajini, na kama kulikuwa na siku swali hilo lilizaliwa kwa ajili yake, ilikuwa siku hiyo. "Lifti haina mota. Haiendi popote. Unaogopa nini?"

Msimamizi alimtazama mkuu. Mkuu alimtazama msimamizi, na upole ukaanza kumtoka usoni. Msimamizi akaingia. Sajini alifunga mlango, akabonyeza kitufe cha sita.

Chumba kilitikisika mara moja, kama ng'ombe anayefukuza nzi, kisha kikapanda.

Kilipanda! Sakafu ya mawe ya rangi mbili ilishuka chini ya miguu yao, ikaja ghorofa ya kwanza na kiti chake kisicho na magurudumu, ikapita. Ikaja ya pili, ikapita. Na mkuu wa kituo, ambaye siku moja tu kabla alikuwa amezipanda ngazi zile akimlilia mama yake kimyakimya, alishika ukuta kwa viganja vyote viwili na kucheka kama mtoto kwenye bembea.

"Magoti yangu hayajui kinachoendelea!" alisema. "Sajini, hayajui kabisa!"

"Haiwezekani," alisema msimamizi. Ghorofa ya nne ilipita kwa mtikisiko mdogo. Jasho lilikuwa limempanda kwa kasi kuliko lifti. "Haiwezekani hii. Ile mota si tuli..."

Akameza mwisho wa neno.

"Malizia neno," alisema mkuu. Hakuwa anacheka tena.

"Nilikuwa nasema tu..."

"Nitamsaidia, afande," alisema Sajini. "Mota ya kijani ilikuwa ya feni ya mkahawa. Mkanda wake wa mpira uko ukutani hadi sasa. Lifti hii inavutwa kutoka chini ya ardhi, na mota yake haijawahi kuondoka hapo, iko mahali pake kama mzee alivyokuambia. Boliti za juu zimekatwa kwa msumeno na mtu mwenye haraka. Na bwana huyu ndiye pekee anayejua kwamba ukiibeba ile ya kijani mko wanne, kila ghorofa mnapumzika."

Kengele ikalia, ting, na lifti ikasimama ghorofa ya sita.

Mkuu alijitahidi kuyapanga mambo hayo kichwani. "Yaani ameiba kitu kimoja, akaja kunilalamikia kingine?"

"Alidhani ndicho, afande."

"Ya feni?" alisema msimamizi kwa sauti nyembamba, na hapo uungwana wake wote ukavunjika. "Ya feni tu? Na yule wa vyuma chakavu pale nyuma ya soko aliniambia mota ya lifti ndiyo yenye bei, nikamuuzia!"

"Ahsante," alisema mkuu, akatoa pingu. "Hilo ndilo neno nililokuwa nalisubiri."

Ilibidi washuke. Walishuka, kisha mkuu akasema anataka kuhakikisha jambo, wakapanda tena, halafu akahakikisha jambo la pili. Sajini ndiye aliyemkumbusha karandinga.

Lilikuwa linaunguruma uani walipofika, mlango wa nyuma wazi, na mjomba ameshaweka mguu mmoja kwenye kidato, askari amemshika mkono.

"Mshusheni huyo!" alipaza sauti Sajini, akikimbia. "Mshusheni mjomba wangu!"

Mzee aligeuka. Alimwona mpwa wake ana grisi mpaka kwenye viwiko. Alimwona msimamizi amefungwa pingu. Alimwona mkuu wa kituo anakuja nyuma yao akitembea wepesi, na hapo akaelewa yote. Hakuuliza kama yuko huru.

"Ilisimama sawa na sakafu?" aliuliza.

"Sawasawa, mzee," alijibu mkuu. "Sikujikwaa."

Mjomba alifumba macho. Kitu kilimpita usoni ambacho Sajini hakuwahi kukiona, hata alipokuwa anasimulia ya waziri. Kisha akayafumbua. "Ghorofa ya nne ilitikisika."

"Kidogo tu, mjomba."

"Nilijua! Nilimwambia Bi Saa. Nifungueni haraka, jamani, nikaitazame kabla haijazoea."

Askari alizifungua pingu za mzee. Lakini mkuu alikuwa mtu wa utaratibu, akainua kidole. "Kosa la kuingia kwenye jengo bila ruhusa bado lipo, mzee. Nitalishughulikia. Jalada..." Alijipapasa kwapa la kushoto, akajipapasa la kulia, polepole, kama mtu ambaye hakuwa na haraka ya kupata anachokitafuta. "Ajabu. Nimelisahau ndani ya lifti."

"Nikakuletee, afande?" aliuliza Sajini.

"Hapana, hapana," alisema mkuu wa kituo, ambaye tayari alikuwa anaelekea getini, mbele ya mjomba. "Nitalifuata mwenyewe."